Dhahabu Hainukii

Mwatima binti Matano alikuwa na mdomo, na hilo hata mwenyewe hakulikana. Mdomo wake ndio uliomtia katika jambo hili, na mikono yake ndiyo iliyobidi imtoe.

Mambo yalianzia barazani kwa Bi Thuraiya, mke wa Bwana Suud bin Zahran, pale Mtambile, mwaka ambao mikarafuu ilizaa hadi matawi yakainama. Wanawake walikutana kupanga Maulidi yao ya Mfunguo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume, ambayo kila mwaka huwaalika wenzao wa Chake Chake na Mkoani. Walikwisha kugawana nani apike nini na nani alete mikeka, likabaki suala la kujipamba. Na suala hilo lilikuwa na jawabu yake ya miaka mingi: asiye na dhahabu huenda kwa Bi Thuraiya akaazima.

Tusimsingizie Bi Thuraiya. Hakuwa mchoyo. Kasha lake lilifunguliwa kwa kila aliyebisha hodi, vidani na bangili vikatoka. Ila uazimishaji wake ulikuwa na macho. Maulidi yote yeye hukaa akizipitia shingo za watu moja moja, na mwaka uliotangulia, watu wamesimama kwenye kiyamu, ubani unafuka, machozi ya mapenzi ya Mtume yanawatoka, akapaza sauti kutoka upande wa pili wa banda: "Mwatima, usiiname hivyo, kidani changu kitakatika." Wanawake wa Chake wakageuka wote kutazama. Mwatima akalia mpaka mwisho wa maulidi, na waliosimama karibu naye wakasema mashaallah, huyu kweli ampenda Mtume.

Basi mwaka huu, Bi Thuraiya alipoanza kusema, "Na wa vidani waje mapema, msinijie siku ile ile," Mwatima akasikia maneno yanamtoka kabla hajayapima.

"Mwaka huu hapana shingo itakayoazima. Ntawavika mie."

"Utatuvika nini?" akauliza Mwanakhamis, jirani yake na shoga yake wa tangu utotoni, aliyekuwa ameketi ubavuni pake.

"Udongo."

Baraza zima likaangua kicheko. "Mfinyanzi hulia gaeni," akasema Bi Mwatum, mwanamke mmoja mwenye ulimi wa pilipili, "na huyu leo anataka kutuvika hayo magae." Marehemu mama yake Mwatima, Bi Mwanapili, alikuwa mfinyanzi wa vyungu na vyetezo, na neno lile lilimfika Mwatima pabaya. Hata Bi Thuraiya alicheka, ingawa kwa adabu, amejiziba mdomo kwa ncha ya mtandio.

"Udongo, Mwatima? Mbele ya wageni wa Chake?"

"Dhahabu nzuri, bibi, sina la kusema," akajibu Mwatima. "Lakini dhahabu hainukii."

Akaondoka kichwa juu. Alipofika kwake akaketi jikoni, akashika tama. Maana jamani, kusema ni kusema, na kuwavika wanawake thelathini na ushei ni jambo jingine. Akishindwa, wote watakwenda kwenye lile kasha dakika ya mwisho, nyuso chini, na kila watakapokutana kisimani atachekwa yeye na mama yake kaburini. Na hapana mwanamke mwingine wa Mtambile atakayethubutu tena kusema kwamba shingo yake inamtosha.

Mumewe, Silima, alirudi kutoka kwenye mikarafuu, akamkuta hivyo hivyo. Akasimuliwa.

"Ushasema?"

"Nshasema."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu wote."

"Basi niambie unataka udongo wa wapi, nikauchimbe."

Ndiyo maana Mwatima alimpenda Silima. Hakuwa mtu wa kumwambia mtu ameze maneno yake.

Udongo ulitoka bondeni, kwenye ukingo wa mto, mweusi, mlaini, usio na mchanga. Mwatima akauloweka, akauchuja kwa kipande cha kaniki, akauacha utulie. Akatwanga karafuu kavu na kuzichekecha hadi zikawa unga wa kuipigisha chafya nyumba nzima. Akasugua kijiti cha liwa ya kunukia juu ya jiwe. Gundi ya mkanju, mti wa korosho, akairowesha kwa marashi ya waridi mpaka ikawa uji. Kisha vyote akavikanda pamoja juu ya ubao, asubuhi hadi alasiri, vikawa donge moja zito linaloshika alama hata ya ukucha.

Hapo ndipo wengi wangekosea. Mtoto wa mfinyanzi akili yake humpeleka motoni. Lakini moto ungeua harufu, na harufu ndiyo aliyoiahidi. Kwa hiyo shanga za Mwatima hazikuchomwa. Zilikaushwa kivulini, polepole, geuza leo, geuza kesho, na mwisho kabisa zikaonjeshwa jua kidogo ili zikauke mpaka ndani. Ukifanya pupa, zinapasuka, na kazi yote inakwenda na maji.

Alifinyanga nyota na miezi miandamo ya kutungika bandani pamoja na asumini. Alifinyanga vipuli. Na kwa ajili ya vidani alifinyanga shanga kwa mamia, kila moja ikiviringishwa kiganjani na kutobolewa kwa mwiba wa mlimau. Mwanakhamis alikuja kumsaidia, lakini zake zilitoka kama vitonge vya wali. Mwatima akazichukua, akaziponda, akaziviringisha upya.

"Hicho kiburi," akasema Mwanakhamis.

"Si kiburi. Shanga huwa duara."

Nyota, miezi na vipuli vilikauka mwanzo, vikawekwa ndani juu ya ungo. Zilibaki shanga za vidani. Zikiwa zimesalia siku chache tu kabla ya Maulidi, asubuhi moja mbingu nyeupe, Mwatima akazianika uani juu ya jamvi, kando ya jamvi la karafuu zao. Zilikuwa bado na unyevu kwa ndani. Mwenyewe akaenda kijiji cha pili kumtazama shangazi yake aliyekuwa hajiwezi.

Sasa, Pemba ina sheria moja ya msimu wa karafuu, isiyoandikwa popote na isiyovunjwa na mtu. Wingu likitanda, karafuu hazina mwenyewe. Aliye karibu na jamvi ndiye mwenye jamvi. Hata kama hamsemezani, na mwaka ule siasa ilikuwa imewafanya watu wasusiane hata mazikoni, mvua ikitaka kunya utamwona hasimu wako anazoa karafuu zako mbio mbio, anazitia ndani, kisha anakwenda zake bila ya salamu. Na aliyekuanulia halaumiwi. Akivunja chungu, akimkanyaga kuku, halaumiwi. Hupewa kahawa.

Wingu likaja kutoka kusini, zito. Mwanakhamis ndiye aliyefika mwanzo uani kwa Mwatima. Alikuwa na haraka, macho yake hayakuwa mazuri tena, na shanga hakupata kuziona ila ndani ya nyumba. Mbele yake kulikuwa na majamvi mawili ya vitu vidogo vyeusi vinavyonuka karafuu. Akaviunga vyote pamoja, akavishindilia ndani ya gunia moja, akalifunga na kuliburura mpaka ukumbini. Wanawake wawili waliokuwa wakipita njia wakakimbilia humo kujikinga na mvua, na kwa kuwa sakafu ilikuwa imeanza kuingia maji, wote watatu wakapanda wakakaa juu ya gunia. Mvua ilikuwa ndefu. Wakapiga soga.

Mwatima alirudi amerowa chepechepe.

"Karafuu zako zote nimekuanulia, shoga," Mwanakhamis akamwambia kwa furaha. "Hata moja haikurowa."

Mwatima akalitazama jamvi la karafuu, tupu. Akalitazama jamvi la shanga, tupu. Akalitazama gunia na wale watu waliolikalia. Akafahamu.

"Ahsanteni," akasema, maana ndiyo desturi. Akaingia jikoni, akateleka kahawa, akalia huku anachochea moto, akajifuta, akawatilia mmoja mmoja. Alingoja mpaka Mwanakhamis akapiga funda la kwanza, ndipo akauliza, polepole, "Na zile shanga za jamvi la pili, umeziona?"

Mwanakhamis akashuka mbio kutoka juu ya gunia, finjani mkononi.

Walilifungua gunia. Shanga zile zilikuwa zimeumwa na karafuu kila upande. Kila uliyoishika ilitoka na karafuu mbili tatu zimeganda mwilini, vichwa vimezama ndani. Nyingine zilibanwa zikawa bapa. Mwatima akaipekua moja, akaitupa ndani ya gunia.

"Basi," akasema. "Mpya hazikaushiki kwa siku zilizobaki. Nendeni kwa Bi Thuraiya."

Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Mwanakhamis kuisikia sauti ya shoga yake imekuwa ndogo, na iliuma kuliko matusi. Angetukanwa, angetukanika. Lakini aliyeanua halaumiwi, kwa hiyo hata nafuu ya kulaumiwa hakuipata.

"Mie siendi," akasema Mwanakhamis. Akaweka finjani chini, akatoka.

Asubuhi ya pili yake alirudi, na nyuma yake wanawake wa Mtambile wamefuatana. Waliocheka barazani walikuja pia. Bi Mwatum, yule wa magae, alikuja na ungo wake kichwani. Wakalimwaga gunia ukumbini juu ya majamvi, wakalizunguka, wakaanza kuchambua.

Nisikilizeni. Hapana mkono duniani unaochambua kama mkono wa mwanamke wa Kipemba. Tangu mdogo hukaa mbele ya chungu ya karafuu mbichi akizitenga na makonyo, vile vijiti vyake, na kufika utu uzima vidole vinafanya kazi vyenyewe huku mdomo unasengenya. Walichambua, wakasengenya, wakacheka, na kabla ya adhuhuri karafuu zilikuwa huku na shanga zilikuwa kule.

Mwanakhamis akainua shanga moja, akaisogeza karibu na macho yake mabovu. Pale karafuu ilipobanduliwa kichwa chake kilikuwa kimeacha alama, kitone katikati na ncha nne kukizunguka.

"Mbona ua hili?" akasema.

Mwatima akaichukua. Hakutaka kuipenda, na niseme kweli, ilimchukiza. Mikono yake ilihangaika wiki kadhaa ikitafuta uzuri, na gunia moja na makalio ya watu watatu yakaupata kwa mvua moja. Akaigeuza. Akaigeuza tena. Kisha akachukua nyingine, na nyingine, akawa anazipanga kiganjani, na wote wakamwona uso umeanza kumkunjuka.

"Haya," akasema. "Lakini hazitakaa ovyo ovyo. Zenye ua moja safi ziwekwe hapa. Zilizokuwa bapa, tupeni. Zisizo ua, nipeni mie."

Zile zisizo ua alizifuta kwa kitambaa cha marashi hadi ngozi zake zikalainika, akatwaa karafuu iliyo kamili kichwa, akaibana katikati kabisa, akaibandua. Bi Mwatum akanyoosha mkono naye ajaribu. Mwatima akausogeza ule mkono pembeni, kwa heshima, lakini akausogeza.

"Kiburi," akasema Mwanakhamis.

"Naam," akasema Mwatima. "Kiburi."

Walikuwa katika hali hiyo wakati Bi Thuraiya alipobisha hodi. Alikuja kwa miguu yake, kifurushi cha hariri mkononi. Habari ya gunia ilikuwa imemfikia.

"Nimesikia yaliyokufikeni," akasema. "Nimekuleteeni hapa hapa, ili msihangaike kuja." Akakifungua, na vidani vikameta katika ukumbi ule wa udongo. Aliyasema kwa wema, bila ya kejeli hata kidogo, na wema ule ulikuwa mgumu kuukataa kuliko kejeli. Vidole vyote vikasimama. Kila mwanamke mle ndani angeweza kunyoosha mkono tu, shughuli ikaisha. Wakamtazama Mwatima.

Mwatima akainuka, akafuta mikono. "Mungu akuzidishie, bibi. Karibu ukae, unywe kahawa na sie. Lakini mwaka huu shingo zetu zina wenyewe."

Hapana aliyenyoosha mkono. Bi Thuraiya akakaa, akanywa kahawa, akazitazama shanga kwa muda, na alipokuwa anafunga kifurushi chake akauliza, "Na marashi, yatahimiliwa?"

Aliuliza kwa kutaka kujua, lakini swali likamwingia Mwatima mwilini. Kwenye kiyamu mrashi hupitishwa, kila mtu akanyunyiziwa kichwani na mabegani. Na wote walikuwa wameafikiana kuvaa nguo nyeupe. Bi Thuraiya alipoondoka, Mwatima akatia shanga moja ndani ya kikombe cha maji, akakificha jikoni. Walipomaliza sala ya adhuhuri ilikuwa imekuwa tope.

Hakumwambia mtu, ila Silima. Akachemsha gundi ya mkanju nyembamba, akaichanganya na tone la mafuta ya nazi, akazipaka shanga zote, akaziacha kivulini mpaka zikang'ara. Kisha akazitunga. Kwamba ngozi ile ingezuia marashi au isingezuia, hilo akamwachia Mwenyezi Mungu, na msije mkasema kwamba alilala vizuri.

Siku ya Maulidi, baada ya alasiri, wageni waliingia banda la Mtambile wakasimama mlangoni. Juu yao zilining'inia nyota na miezi ya udongo, safu kwa safu, na asumini katikati. Chini yake waliketi wenyeji, weupe watupu kwa nguo, na shingoni kila mmoja kidani cheusi kinachong'ara, na kila shanga ua lake. Hapakuwa na wa mbele wala wa nyuma. Mwatima aliketi nao, kidani chake kama chao.

Maulidi yakasomwa. Wakasimama kwa kiyamu. Sauti zikapanda, chetezo kikazungushwa, na mwanamke mwenye mrashi akaanza kupita kwenye safu.

Mwatima hakuinama wala hakufumba macho. Alikuwa anaitazama shingo ya Mwanakhamis, aliyesimama mbele yake. Matone yakamwangukia Mwanakhamis begani na shingoni. Tone moja likatua juu ya shanga, likatulia ndani ya ua. Mwatima akamwomba Mungu maneno ambayo hayamo katika maulidi yoyote. Tone likajaa, likafurika, likateremka kwenye kanzu nyeupe ya Mwanakhamis, na pale lilipoteremka kanzu ilibaki nyeupe.

Kisha harufu ikaja. Joto la miili lilikuwa limeziandaa shanga, na marashi yakaziamsha. Karafuu, liwa na waridi zikapanda kutoka shingo thelathini na ushei kwa pamoja, zikaufunika ubani, zikajaza banda mpaka kwenye makuti. Wageni wakawa wanavuta pumzi huku wanasoma, wanatazamana, wanatafuta inatoka wapi. Mwatima akahisi kifua kinampanuka. Akasoma kwa sauti kubwa kuliko watu wote, na alikuwa halii.

Dua ilipomalizika, Bi Ghania, mwanamke mkubwa wa Chake Chake ambaye dhahabu yake ilijulikana mpaka Unguja, akakishika kidani cha aliyekaa karibu naye, akakinusa, akauliza kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Jamani watu wa Mtambile, sonara wenu nani?"

Aliyejibu alikuwa Bi Mwatum. "Mwatima," akasema, na alisema kwa madaha kana kwamba amemzaa yeye. "Binti wa Bi Mwanapili, mfinyanzi."

Jina la mama yake likapita bandani kutoka kinywa hadi kinywa, na safari hii halikuwa na kicheko ndani yake. Mwatima akainamisha uso, si kwa haya, ila kwa kuwa furaha nyengine mtu huificha kidogo ili isimwagike.

Alipouinua, Bi Thuraiya alikuwa amesimama mbele yake. Alikuwa amekivua kidani chake cha dhahabu, amekikunja kiganjani, na shingo yake ilionekana nyembamba bila ya kitu.

"Mwatima, mwanangu," akasema, "kimebaki kimoja? Niazime, hata mpaka magharibi tu."

Hakikubaki. Mwatima alitunga vya kutosha watu wake, na shanga zilikwisha pale pale. Akapeleka mikono nyuma ya shingo yake mwenyewe, akafungua kifundo. Akainuka, akamvika Bi Thuraiya kwa mkono wake, akamweka sawa ile shanga ya katikati.

"Sie hatuazimishi, bibi," akamwambia. "Hiki chako."

Kisha akarudi kukaa, mbele kabisa, pale ambapo wageni wote wangemwona. Katika banda zima ni yeye peke yake aliyekuwa hana kitu shingoni, na hapana mtu aliyehitaji kuuliza kwa nini.